Maabara za Utangazaji wa Umma: Nani Alizihitaji, Nani Atazirithi

Mwaka 1930 mashirika mawili ya utangazaji, BBC ya London na NHK ya Tokyo, yalijifungulia idara za utafiti. BBC ilikuwa na miaka minane tangu irushe matangazo yake ya kwanza, NHK minne tangu iundwe. Hakuna hata moja kati yao lililouza redio au mitambo. Kazi yao ilikuwa habari, muziki, hotuba na michezo ya kuigiza. Wakati huohuo viwanda vikubwa kama Marconi na RCA vilikuwa na maabara zenye fedha na majina makubwa. Kwa nini basi mtangazaji aajiri wanafizikia badala ya kununua kilichopo sokoni?

Jibu ni kwamba shirika la umma lilikuwa na deni ambalo kiwanda hakina. Kiwanda cha redio kikiuza sana mjini kimefanikiwa, hata kama bonde la pili halisikii kitu. Shirika linaloendeshwa kwa ada ya kila mwenye redio linadaiwa na mvuvi wa kisiwani sawasawa na mfanyabiashara wa jijini, na linamdai kila mmoja kiasi kilekile. Ukifuatilia historia ya karibu karne nzima ya maabara hizi, utaona kuwa mengi yaliyodumu yalizaliwa na deni hilo. Utaona pia kuwa pale wahandisi walipomsahau anayewadai, hata kazi yenye akili nyingi ilikwama. Na kwa nchi zetu, ambazo zimepokea matunda ya maabara hizo bila kuwa nazo, historia hii ina bei yake.

Gharama ibebwe na mnara

Mhandisi mkuu wa kwanza wa BBC, Peter Eckersley, alishika kazi mwaka 1923 na kukuta vituo vidogo vya mijini vinavyosikika umbali mfupi. Wasikilizaji wengi walikuwa na redio za kristali, vifaa vya bei ndogo visivyotumia betri wala umeme, ambavyo sauti yake ilitegemea nguvu ya wimbi lenyewe. Palikuwa na njia mbili: kumwambia kila mtu anunue redio kubwa zaidi, au kuongeza nguvu upande wa kurushia. Mwezi Julai 1925 BBC ilifungua kituo cha Daventry, katikati ya Uingereza, kikitumia mawimbi marefu yanayoambaa na ardhi na kufika mbali. Gharama ilibebwa na mnara, na mfuko wa msikilizaji ukaachwa kama ulivyo. Kanuni hiyo haikuandikwa kama sheria, lakini utaikuta katika kazi nyingi bora zilizofuata.

Kutoka Daventry hiyohiyo, tarehe 19 Desemba 1932, ilianza idhaa ya BBC kwa dola ya Uingereza, kwa mawimbi mafupi. Mawimbi haya hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Tabaka hilo hubadilika usiku na mchana, majira kwa majira, na kwa kufuata hali ya jua. Ndiyo maana mtangazaji wa mawimbi mafupi hawezi kuchagua masafa mara moja akalala. Anahitaji watu wa kupima, kukokotoa na kupanga upya. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza tarehe 27 Juni 1957, ilipanda juu ya ujuzi uliokusanywa kwa robo karne. Wazee wanaokumbuka kuzungusha kitufe cha redio jioni kutafuta masafa mapya walikuwa, bila kujua, wakifuata ratiba ya wahandisi hao.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, tatizo la Ulaya likawa msongamano. Usiku mawimbi ya kati yalijaa vituo vya nchi jirani hata sauti zikaingiliana. Idara ya utafiti ya BBC, ambayo makao yake mapya yalikuwa Kingswood Warren, jumba kubwa la Surrey lililonunuliwa mwaka 1948, ilifanya majaribio marefu ya masafa ya juu kutoka Wrotham, Kent, ikilinganisha mfumo wa FM na ule wa zamani wa AM. FM ilishinda, na matangazo ya kawaida yakaanza tarehe 2 Mei 1955. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa magari yenye antena na vipimo, yakipita vijijini kuandika wapi sauti inafika na wapi inakatika. Ni kazi isiyovutia waandishi wa habari, lakini bila hiyo ahadi ya kumfikia kila mtu inabaki maneno.

Pale vya dukani vilipopelea

Sababu ya pili ya kuwa na maabara ilikuwa fedha. Miaka ya 1930 vipaza sauti bora vya utepe vilitoka Marekani na vilikuwa ghali. BBC ilibuni cha kwake, Type A, na kuanzia 1934 kikatengenezwa na kampuni ya Marconi kwa bei ndogo zaidi. Miaka ya 1970 mafundi wa matangazo ya nje walihitaji spika ndogo ya kutosha ndani ya gari, lakini yenye sauti ya kuaminika. Spika za dukani hazikukidhi, ndipo ikazaliwa LS3/5A. Michoro yake ilikabidhiwa viwanda kwa leseni, na mpaka leo wapenda muziki huitafuta, ingawa ilibuniwa kwa ajili ya fundi aliyebanana garini.

Mfano mzuri zaidi hauonekani kabisa kwa mtazamaji. Zamani picha ya televisheni na sauti yake zilisafiri kwenye nyaya tofauti, na BBC ilizikodi zote kutoka Posta ya Uingereza. Wahandisi waligundua kuwa mwanzoni mwa kila mstari wa picha pana muda mfupi usiobeba picha yoyote. Wakaigeuza sauti kuwa tarakimu na kuipenyeza humo, na nyaya za sauti hazikuhitajika tena. Mwaka 1972 BBC ilikuwa tayari ikipeleka vipindi vya redio kwa tarakimu kutoka studio za London hadi mnara wa Wrotham, miaka kumi kabla ya diski za CD kufika madukani. Haikufanya hivyo ili ionekane ya kisasa. Tarakimu zilipunguza gharama na kulinda sauti isichujuke njiani.

Kisha kulikuwa na mpaka wa picha. Ulaya ilitumia mistari 625 na mapigo 50 kwa sekunde, Marekani 525 na karibu 60. Kwa miaka mingi picha ya upande mmoja ilioneshwa upande wa pili kwa kuelekeza kamera mbele ya skrini, na ilitoka ikiwa na ukungu. BBC ilibuni mtambo wa kielektroniki uliohifadhi picha kwa sehemu ndogo ya sekunde ndani ya vipande vya kwatzi, kisha kuitoa kwa mpangilio mwingine. Ulitumika mwaka 1968 kuleta Olimpiki ya Mexico kwa watazamaji wa Ulaya, kwa rangi na kupitia setilaiti. Soko la mtambo wa aina hiyo lilikuwa dogo mno kumshawishi mwenye kiwanda aanze utafiti peke yake. Aliyeuhitaji ndiye aliyeubuni.

Walio pembeni kama chanzo cha ubunifu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walikuwa wakitafuta namna ya kuwawekea viziwi maandishi kwenye picha bila kuwasumbua watazamaji wengine. Wakatumia mistari michache ya juu ya picha ambayo haionekani kwenye kioo. Ilipofanya kazi, wakaona kuwa nafasi hiyo inaweza kubeba kurasa nzima za habari, hali ya hewa, matokeo ya mpira na ratiba za ndege. Huduma hiyo, Ceefax, ilifunguliwa tarehe 23 Septemba 1974 na ikadumu hadi Oktoba 2012. Mamilioni waliosoma matokeo ya mpira humo walinufaika na kazi iliyoanza kwa ajili ya mtu asiyesikia.

NHK ilikwenda njia hiyohiyo kwa mahitaji ya Japani. Nchi hiyo ina wazee wengi, nao hulalamika kuwa watangazaji wanasema haraka. Maabara ya NHK ilibuni namna ya kupunguza kasi ya usemi bila kuifanya sauti iwe nzito, ikiyabana mapumziko kati ya maneno ili kipindi kiishe kwa wakati. Ujuzi huo uliingizwa katika redio na televisheni za madukani. Japani pia ni nchi ya matetemeko. Kuanzia mwaka 1985 ilikuwa na mfumo wa tahadhari unaoweza kuwasha redio au televisheni iliyotengenezwa kuupokea, hata kama imezimwa. Na tangu Oktoba 2007 tahadhari ya tetemeko hutangazwa nchi nzima sekunde chache kabla mtikisiko mkubwa haujafika. Biashara ya matangazo haioni faida katika sekunde hizo. Anayedaiwa usalama wa wote ndiye anayezihesabu.

Pale maabara zilipopotea njia

Isidhaniwe kuwa wahandisi wa umma hawakukosea. Baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, NHK ilianza utafiti wa televisheni ya kizazi kijacho. Walipima macho ya watu, umbali wa kukaa na upana wa picha, wakafikia mfumo wa mistari 1,125, ambao mwaka 1981 uliwashangaza Wamarekani ulipoonyeshwa San Francisco. Ili kuurusha kwa setilaiti walibuni mfumo wa MUSE, ambao kiini chake kilikuwa analojia. Mwaka 1986, katika mkutano wa kimataifa wa Dubrovnik, nchi za Ulaya zilikataa kuufanya kuwa kiwango cha dunia, kwa kuhofia viwanda vyao. Ulaya ikabuni mfumo wake, nao ukafa. Mwaka 1990 kampuni ya Marekani, General Instrument, ilitangaza mfumo wa dijitali kabisa, na ramani yote ikabadilika. Matangazo ya MUSE yalizimwa mwaka 2007, na televisheni zake za kwanza zilikuwa ghali kupita uwezo wa nyumba ya kawaida. Hata hivyo utafiti wa macho na upana haukupotea, kwani picha pana na yenye uangavu tunayoiona leo imesimama kwa sehemu kubwa juu ya vipimo hivyo.

Redio ya dijitali ya DAB ni kisa kingine. Mradi wake wa Ulaya ulianza mwaka 1987. Ulikutanisha mbinu ya Wafaransa wa kituo cha CCETT, Rennes, ya kugawa tarakimu katika mawimbi mengi madogo ili mwangwi wa milima na majengo usizivuruge, na mbinu ya kubana sauti ambayo taasisi ya watangazaji wa Ujerumani, IRT ya Munich, ilishiriki kuibuni. Kisayansi ilikuwa kazi ya daraja la juu. BBC ilianza kurusha Septemba 1995, wakati redio za kuipokea hazikuwapo madukani kwa bei ya kueleweka. Zilipoanza kupatikana kwa chini ya pauni 100, mwaka 2002, mbinu ya kubana sauti ilikuwa imekwisha kupitwa. Toleo jipya, DAB+, lilikuja mwaka 2007, na redio nyingi zilizokwisha kununuliwa hazikuweza kulipokea. Safari hii gharama iliangukia mfuko wa msikilizaji, kinyume kabisa na Daventry.

Linganisha na kazi ambayo BBC na NHK waliifanya pamoja miaka ya karibuni: mfumo wa HLG wa picha zenye mwanga na kivuli vya kina, uliokubaliwa kimataifa mwaka 2016. Wimbi moja linahudumia televisheni mpya, na linaleta picha inayotazamika kwenye nyingi za zamani. Mtazamaji halazimishwi kununua chochote. Hapo deni lilikumbukwa.

Milango kufungwa

Kuanzia miaka ya 1990 mhimili wa maabara hizi ulianza kulegea. Mwaka 1991 kitengo cha uhandisi cha IBA, mamlaka iliyosimamia televisheni binafsi ya Uingereza na iliyokuwa na wataalamu wa kutosha kushindana na BBC, kilibinafsishwa. Mwaka 1997 BBC iliuza minara yake ya ndani. Mwaka 2010 watafiti wake waliondoka Kingswood Warren. Mwisho wa 2020 IRT ya Munich, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilifungwa baada ya mashirika yaliyoifadhili kujitoa.

Wanaotetea hatua hizo wana hoja. Tatizo kubwa la leo, kubana picha na kuisafirisha kwenye intaneti, linashughulikiwa na kampuni zenye bajeti ambazo hakuna ada ya leseni itakayozifikia. BBC yenyewe ilibuni mbinu huria ya kubana picha, Dirac, na haikushika sokoni. Lakini hoja hiyo inajibu nusu ya swali. Kampuni ya intaneti inapima mtandao wake kwa ajili ya wateja wake, na asiye na kifurushi hayumo katika hesabu. Umuhimu wa maabara ya umma ulikuwa katika kuuliza juu ya yule aliye nje ya hesabu, na kuyaweka majibu wazi kwa wote. Maabara ikifungwa, swali hilo halina tena mtu aliyeajiriwa kuliuliza.

Upande wetu

Afrika haikukosa ubunifu wa aina hii. Mwaka 1949 huko Lusaka, Harry Franklin wa idhaa ya serikali ya Rhodesia ya Kaskazini aliona kuwa vipindi vya lugha za wenyeji havina maana ikiwa wenyeji hawawezi kununua redio. Aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya betri yenye umbo la sufuria, ikauzwa pauni tano. Ilikuwa ya kikoloni kwa nia na kwa umiliki, lakini swali lake lilikuwa sahihi: msikilizaji anaweza kulipa nini? Baada ya uhuru mashirika ya Afrika yaliunda umoja wao, URTNA, mwaka 1962, ukiwa na kituo cha ufundi Bamako na kituo cha kubadilishana vipindi Nairobi. Tanzania ilivumbua upande wa matumizi: kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Ila mitambo ilinunuliwa ikiwa imekamilika. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza na rangi mwaka huohuo kabla Bara haijawa na televisheni yoyote, ilipachikwa kama ilivyotoka nje.

Tofauti ya kuwa na wahandisi wa kwako ilionekana juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1975 Marekani iliisogeza setilaiti ya ATS-6 hadi nyuzi 35 mashariki, juu ya ikweta, yaani juu ya magharibi mwa Kenya. Kwa mwaka mmoja ilirusha vipindi vya kilimo, afya na elimu moja kwa moja hadi vijijini, lakini vijiji hivyo, takriban 2,400, vilikuwa vya India. India ilikuwa imejiandaa: wahandisi wake walibuni antena za wavu wa waya wa kufugia kuku na kutengeneza televisheni nyumbani. Setilaiti ya Wamarekani ilikuwa ya kuazima, na ujuzi uliobaki baada yake ukawa wa Wahindi.

Miaka thelathini baadaye, mkutano wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa ulinzi wa televisheni ya analojia katika ukanda wetu. Kenya ilizindua mawimbi ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, kizazi ambacho watafiti wa BBC walikuwa mstari wa mbele kukibuni na ambacho nchini Uingereza kilipandisha uwezo wa chaneli moja kutoka megabiti 24 hivi kwa sekunde hadi 40. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini king'amuzi cha mfumo wa kwanza hakiwezi kupokea wa pili. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012. Mwaka 2015 vituo vikubwa binafsi vya Kenya vilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu katika mvutano wa nani abebe mawimbi, na mwaka 2018 suala la leseni liliwaondolea Watanzania vituo vya bure vya ndani kutoka kwenye ving'amuzi vya baadhi ya kampuni za kulipia. Migogoro hii ilijadiliwa kama mambo ya sheria na biashara. Swali la mhandisi wa Daventry, kwamba gharama inaangukia wapi, halikupewa nafasi yake.

Hatuhitaji jumba la Surrey. Kazi tatu zinatosha kuanzia, na zote ziko ndani ya uwezo wa TBC, KBC, ZBC na UBC zikishirikiana na vyuo vikuu vyetu. Ya kwanza ni kupima: timu ndogo ya kudumu yenye gari na vipimo, inayochapisha ramani ya wapi redio na televisheni ya umma inafika, ili wabunge wajadili mawimbi wakiwa na namba. Ya pili ni kukagua ving'amuzi na simu zenye redio ya FM kabla hazijaenea, na kutoa matokeo hadharani. Ya tatu ni lugha. Maandishi ya moja kwa moja kwa viziwi yanahitaji mashine inayoelewa Kiswahili cha Tanga, cha Kisumu na cha Bukavu, na kumbukumbu za sauti zilizomo ndani ya mashirika yetu ndizo shule bora ya mashine hiyo. Uganda imeonyesha kuwa inawezekana: huko Pulse Lab Kampala ya Umoja wa Mataifa, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu, ilijenga programu ya kuchambua mazungumzo ya redio za Kiluganda na Kiacholi.

Kazi hizi zisiachiwe wauzaji wa mitambo wala wafadhili wa mradi wa miaka miwili. Wizara na bodi za mashirika yetu ziziingize katika bajeti ya kila mwaka, kwa mstari wake na jina lake. Shirika la utangazaji lisilojua sauti yake inaishia wapi haliwezi kudai kuwa ni la umma wote.